Elektroni haitufu kama mahujaji

Katika mihadhara yetu si ajabu kumsikia mzungumzaji akisema: itazameni atomu, elektroni zake zinakizunguka kiini kama mahujaji wanavyotufu Al-Kaaba. Hadhira huitikia kwa takbira. Mimi nafundisha Maarifa ya Uislamu, na wanafunzi wa mchepuo wa sayansi huniletea hoja hiyo wakitaka niithibitishe. Siithibitishi.

Picha ya elektroni kuzunguka katika njia maalumu, mithili ya sayari na jua, ni ya Niels Bohr wa Denmark, mwaka 1913. Ilieleza vizuri mwanga wa haidrojeni, yenye elektroni moja. Ilipofika kwa heliamu, yenye mbili tu, ikakwama. Mwaka 1926 Erwin Schrödinger wa Austria akatoa mlinganyo ambao ndani yake hamna njia ya kupita elektroni. Kinachopatikana ni eneo: hapa uwezekano wa kuikuta ni mkubwa, pale ni mdogo. Na elektroni ya haidrojeni, ikiwa katika hali yake ya kawaida, eneo lake ni duara kama mpira, wala haina mwendo wa kukizunguka kiini. Sasa tawafu iko wapi?

Kijana aliyejengewa yakini yake juu ya mchoro wa 1913, siku atakapokutana na mlinganyo huo chuo kikuu atamwendea nani?

Kilichothibiti ni mpangilio. Elektroni hukaa katika maganda: la kwanza huchukua 2, la pili 8, la tatu 18, la nne 32. Sababu aliieleza Wolfgang Pauli mwaka 1925, kwamba elektroni mbili za atomu moja haziwezi kuwa na hali moja kwa kila kitu. Kwa hiyo safu ya mbele ikijaa, ajaye hana budi kurudi nyuma, kama tunavyopanga safu za swala (huu ni mfano tu, usije ukafanywa dalili!).

Hapa wengi hukariri "2, 8, 8" wakadhani ganda la tatu limejaa. Halijajaa. Potasiamu ina elektroni 19, nazo hupangwa 2, 8, 8, 1. Ile ya 19 huenda ganda la nne kwa kuwa nafasi ya mwanzo ya huko ina nishati ndogo kuliko nafasi kumi zilizobaki katika la tatu. Kalsiamu, ya 20, hufuata mkondo huo huo. Kuanzia skandiamu, ya 21, ndipo zile kumi zinapoanza kujazwa, mpaka zinki, ya 30, ambayo ni 2, 8, 18, 2.

Wahadhiri wetu, shule za sekondari zipo jirani na misikiti. Kabla ya mhadhara, mwalimu wa fizikia ataulizwa kwa dakika kumi tu.