Pima Chumba, Usipime Mdomo wa Meko

Katika milima ya Kigezi, kusini magharibi ya Uganda, usiku huwa wa baridi hata kufikia digrii 10, maana mji wa Kabale uko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari. Ndiyo sababu baadhi ya nyumba za zamani za misheni huku zilijengewa meko ya ukutani yenye dohani. Moto wa meko hayo hupendeza macho, lakini sehemu kubwa ya joto lake hupanda pamoja na moshi kwenda nje. Kwa hiyo wako watu wanaonunua sanduku la chuma lenye mlango wa kioo na kuliingiza ndani ya meko. Naandika habari ya ukubwa wa sanduku hilo kwa kuwa baadhi ya kaka zetu waliomaliza shule wanajenga nyumba huku, nami sipendi wapatwe na yaliyotupata sisi.

Sanduku la chumba chetu cha kusomea lilichaguliwa kwa kupima mdomo wa meko tu. Mdomo ulikuwa mpana, basi likaletwa sanduku pana, la kilowati 14. Juma la kwanza tulitokwa jasho tukafungua madirisha. Kisha tukajifunza ujanja wa kuziba tundu la hewa ili moto ulale, tukadhani twaokoa kuni. Baada ya miezi michache kioo kilikuwa cheusi kabisa, na usiku mmoja dohani ilinguruma kama lori linalopanda kilima, cheche zikaruka juu ya paa. Kwa rehema ya Mungu bati halishiki moto.

Sababu yake ni hii. Ukuni ukipata joto hutoa moshi, na moshi wenyewe ni chakula cha moto. Ukikuta joto jingi na hewa ya kutosha, nao huwaka. Lakini moto ukinyimwa hewa, moshi hupanda bila kuungua, hupoa ndani ya dohani, ukaganda kuwa utomvu mweusi mfano wa lami. Utomvu huo ndio ulioshika moto usiku ule. Sanduku dogo linalowaka kwa nguvu zake zote ni salama kuliko kubwa linalofukuta.

Sasa tufanye hesabu. Huko Uingereza mafundi huzidisha urefu, upana na kimo cha chumba kwa mita, kisha hugawanya kwa 14 au hivi. Jibu ndilo kilowati zinazotakiwa. Chumba kinachopitisha baridi hugawanywa kwa 10. Chetu kina mita 7 kwa 5, kimo 3, yaani mita za ujazo 105. Hakina dari, basi nagawanya kwa 10, napata 10.5. Lakini ngoja kwanza! Kanuni ile ni ya watu ambao nje kwao maji hukaribia kuganda, nao hutaka digrii 20 ndani. Sisi twatoka digrii 10 kwenda 20. Basi nusu yatosha: kilowati 5 na kidogo.

Tazama na kuni. Kilo moja ya kuni kavu yaweza kutoa kilowati 4 kwa muda wa saa moja, na sanduku zuri hutupatia robo tatu ya hizo. Kilowati 5 zataka kilo 2 kasoro kidogo kila saa. Kilowati 14 zataka karibu kilo 5. Mkaratusi uliokatwa jana usiuhesabu, maana karibu nusu ya uzito wake ni maji.

Mdomo wa meko ukibaki wazi kando ya sanduku dogo, uzibwe kwa matofali. Jambo hili si geni: Benjamin Thompson, mzaliwa wa Marekani aliyepewa cheo cha Count Rumford, aliandika mwaka 1796 kwamba meko na koo la dohani vipunguzwe ili chumba kipate joto zaidi. Bomba la chuma nalo lipandishwe hadi juu, kwa kuwa dohani pana hupoza moshi. Na tundu la hewa la ukutani lisizibwe kwa gunia hata baridi ikizidi. Hewa ya sumu itokayo motoni haina harufu, na aliyelala haijui ikija.

Chumbani mwetu sasa limewekwa sanduku la kilowati 5. Lile kubwa limehamishiwa ukumbi wa kulia, wenye mita za ujazo 448. Kwa hesabu yangu huko zatakiwa kilowati 22, basi halitoshi, nasi twala tukiwa na makoti. Lakini kioo chake ni safi.