SOMO LA WIKI: Oili ya mashine za salfa hupimwa, haikadiriwi kwa rangi

Bei ya korosho hujulikana mnadani kuanzia Oktoba, lakini kilo zitakazofika mnadani huamuliwa miezi kadhaa kabla, mikorosho inapotoa machipukizi na maua. Katika miezi hiyo, ukitoka Mtwara mjini kupitia Naliendele kuelekea Newala, alfajiri husikika mlio wa mashine za mgongoni zikipuliza salfa kuzuia ubwiriunga. Wiki hii ukurasa huu unaacha kidogo bei za bidhaa ili kuzungumzia kitu cha bei ndogo kinachozima mashine hizo katikati ya msimu, yaani oili inayochanganywa na petroli.

Ubwiriunga si adui wa kupuuzwa. Mavuno ya korosho nchini yalifika kama tani 145,000 msimu wa 1973/74, yakaporomoka hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Sababu zilikuwa nyingi, na ugonjwa huu ulikuwa mojawapo. Watafiti wa Naliendele, kituo ambacho sasa ni TARI Naliendele, walifanya kazi kubwa ya kutafuta kipimo cha salfa ya unga. Ushauri uliozoeleka ni gramu 250 kwa mti, kila baada ya siku 14, na kazi ifanyike asubuhi na mapema majani yakiwa na umande na upepo umetulia. Maana yake ni kwamba mashine ikifa leo na fundi akakaa nayo wiki mbili, raundi nzima imepotea, na maua yaliyoungua hayarudi.

Injini ya mashine hizi ni ya mapigo mawili, ile mafundi wanayoiita tu-stroki, sawa na ya msumeno wa mnyororo unaotumika kukatia mikorosho mizee. Haina mahali pake pa kuhifadhia oili kama injini ya gari. Pistoni, silinda na beringi hupata ulainisho kutokana na oili iliyomo ndani ya petroli peke yake. Inazunguka kwa kasi ya mizunguko 6,000 kwa dakika au zaidi na inapozwa kwa hewa tu. Ukiiwasha kwa petroli tupu, hata kwa muda mfupi, itanoki.

Sasa tuje kwenye namba. Maandishi 25:1 maana yake sehemu 25 za petroli kwa sehemu moja ya oili. Kwa lita moja ya petroli hiyo ni mililita 40. Kwa 40:1 ni mililita 25, na kwa 50:1 ni mililita 20. Dumu la lita 5 litahitaji mililita 200, 125 au 100 kwa mfuatano huo. Wanaonunua petroli kwa chupa ya maji ya lita moja na nusu watie mililita 60 kwa 25:1, au 30 kwa 50:1. Kipimo bora na rahisi ni bomba la sindano kutoka duka la dawa, lisilo na sindano, ambalo litengwe kwa kazi hiyo tu. Vizibo havifai, kwa kuwa kizibo cha chupa moja hakilingani na cha nyingine.

Ni uwiano upi utumike? Kwanza soma kitabu cha mashine au kibandiko kilicho karibu na tangi. Pili soma chupa ya oili. Kampuni ya Stihl, kwa mfano, kwa miaka mingi imeandika katika vitabu vyake kuwa oili yake yenyewe ichanganywe 50:1, na oili nyingine ya daraja la TC ichanganywe 25:1. Hapa ndipo penye hesabu ya biashara ambayo wengi hawaifanyi. Lita moja ya oili kwa 25:1 inahudumia lita 25 za petroli, na kwa 50:1 inahudumia lita 50. Kwa hiyo, kwa mashine inayoruhusu 50:1 kwa oili bora, oili hafifu inayotakiwa kutiwa 25:1 haina unafuu wowote mpaka bei yake ishuke chini ya nusu ya bei ya ile bora. Mashine ambayo kitabu chake kinataka 25:1 kwa kila oili ipewe 25:1, hata kama chupa imeandikwa 50:1.

Kuhusu ubora, alama ya 2T kwenye chupa inasema tu kwamba hii ni oili ya injini za mapigo mawili. Tafuta zaidi ya hapo: JASO FB, FC au FD, au ISO-L-EGB, EGC au EGD. FC na FD hutoa moshi mdogo, na FD husafisha zaidi injini ikiwa na joto kali. Rangi ya oili, iwe nyekundu, buluu au kijani, ni rangi tu iliyotiwa ili uone petroli ipi imekwisha changanywa. Haisemi lolote juu ya ubora.

Katika pwani yetu lipo kosa moja la pekee. Duka linalomuuzia mkulima oili linamuuzia pia mvuvi wa Msimbati au Msangamkuu, na chupa ya mvuvi mara nyingi imeandikwa TC-W3. Hiyo ni oili nzuri kwa injini ya boti inayopozwa kwa maji. Kwenye injini inayopozwa kwa hewa, ambayo joto lake ni kali zaidi, haisafishi vya kutosha, hivyo masizi hujikusanya na ringi hukwama. Oili ya gari nayo haifai, na iliyokwisha tumika ndiyo mbaya zaidi.

Yapo pia mawazo mawili ya kijiweni yanayopaswa kujibiwa. La kwanza, kwamba ukizidisha oili umeilinda mashine. Oili ikizidi plagi hulowa, tundu la eksozi huziba kwa masizi na nguvu hupungua. Aidha, kila lita unayoimimina inakuwa na petroli pungufu. La pili ni hatari zaidi. Mpulizaji anaona plagi nyeusi na moshi mwingi, anaamua oili imezidi na kuipunguza, kumbe chujio la hewa limejaa unga wa salfa na injini inakosa pumzi. Siku chache baadaye imenoki. Kabla ya kugusa kipimo cha oili, safisha chujio. Kwa kazi ya salfa hilo ni la kila siku.

Mashine nyingi hukodishwa pamoja na mpulizaji, na inaponoki huanza mabishano juu ya nani alipe. Kabla ya kukatana mishahara, mwambieni fundi afungue eksozi na silinda mtazame pistoni pamoja. Mikwaruzo iliyozunguka pistoni pande zote kwa kawaida huonyesha petroli iliyokosa oili. Ikiwa upande wa eksozi tu, mara nyingi ni joto kupita kiasi, au kabureta iliyobanwa ikapitisha petroli kidogo. Ikiwa upande wa kuingizia hewa, shuku vumbi lililopita kwenye chujio bovu. Si ushahidi wa mahakamani, lakini ni bora kuliko kelele.

Tuseme mkulima ana miti 400 na anapuliza raundi 5. Salfa ni kilo 500, yaani mifuko 20 ya kilo 25. Tuseme pia kila raundi inakula lita 10 za petroli. Msimu mzima ni lita 50, na oili yake ni lita 2 kwa 25:1 au lita moja kwa 50:1. Anayebania nusu lita ya oili anaweka rehani mifuko 20 ya salfa, vibarua na mavuno. Mwenye mashine na awe ndiye anayechanganya, ampe mpulizaji dumu lililo tayari.

Uchanganyaji ufanyike kwenye dumu safi na kavu, kamwe si ndani ya tangi la mashine. Tia nusu ya petroli, mimina oili yote, tikisa, kisha ongeza petroli iliyobaki na utikise tena. Dumu litikiswe pia kila kabla ya kujaza tangi. Subiri injini ipoe ndipo ujaze, na sigara iwe mbali, kwa kuwa unga wa salfa nao hushika moto. Changanya kiasi cha kazi ya siku chache tu, na mchanganyiko uliopita mwezi mmoja usitumike. Raundi ya mwisho ikiisha, mwaga kilichobaki tangini kwenye dumu, washa mashine mpaka ijizime yenyewe ili kabureta ikauke, kisha ndipo uiweke stoo.