Shaaban Robert na Wale Manyani Wawili

Shaaban Robert wengi tunamjua kwa mashairi na kwa Kusadikika. Katika somo hili namtazama kama mwandishi wa watoto na mfasiri, kwani kwake kazi hizo mbili zilikaribiana sana.

Alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, na kwa miaka mingi alikuwa karani wa forodha. Mwaka 1952 vilitoka vitabu vyake viwili: tafsiri ya rubai za Omar Khayyam, aliyoitoa katika Kiingereza cha FitzGerald, na Adili na Nduguze, kilichosomwa sana shuleni Afrika Mashariki. Hicho cha pili ndicho ninachokitaka.

Asili yake ni kisa cha Alfu Lela Ulela. Abdallah bin Fadhil, gavana wa Basra zama za Harun Rashid, huwapiga mbwa wawili kila usiku, kisha hulia na kuwalisha. Mbwa hao ni nduguze, waliomtupa baharini kwa husuda, jini akawageuza. Shaaban Robert hakufasiri neno kwa neno. Khalifa akawa mfalme Rai, nduguze akawaita Hasidi na Mwivu, na mbwa wakawa manyani. Sidhani manyani wamekuja bure: Qur'ani (2:65) inataja watu walioambiwa wawe manyani.

Badiliko kubwa liko mwishoni. Katika asili, ndugu wanarudishwa utu, wanamsaliti tena, wanauawa. Katika Adili wanarudishwa utu, wanatubu na kusamehewa, na hapo msomaji anamkumbuka Nabii Yusuf (a.s.) na nduguze. Wapo watakaosema mfasiri ameiharibu asili. Mimi naona alimjua msomaji wake: mtoto wa miaka minane hugombana na nduguye mchana, na usiku huohuo hulala naye kitanda kimoja.

Jambo hili linanigusa kwa sababu kila Jumamosi nasaidia kufundisha madrasa hapa Kalerwe. Watoto wamehifadhi Suratul Falaq kwa tajwidi ya kupendeza. Niliwauliza, huyo hasidi wa aya ya mwisho ni nani? Kimya. Basi nikawasimulia Adili, nusu Kiswahili nusu Kiganda. Nilipofika pale ndugu wanapomtupa baharini, binti mmoja akaruka: "Ustadhi, kumbe hasidi ni mtu mwenye obuggya!" Sikuwa nimeeleza chochote. Jina la mhusika lilikuwa limekwisha kumfasiria aya.

Katiba yetu imekifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili tangu 2005, lakini watoto hawa nyumbani husema Kiganda, na hadithi ya kuchekesha huitaka kwa Kiganda. Kwa hiyo nimeanza kuwaandikia kisa hiki upya, kwa matumizi ya darasa letu tu. Sura mbili zimekwisha. Majina ya Hasidi na Adili nimeyaacha kama yalivyo. Manyani nimewaita enkobe.