Feni ya Prosesa Inapokuchosha: Namna ya Kuchagua Kipozeo Kimya

Kompyuta ya mezani ikianza kuvuma kila unapofungua kurasa chache za intaneti, usikimbilie dukani. Fungua kwanza ubavu wa kasha uhakikishe kelele inatoka wapi, maana huenda ni feni ya pawasaplai au ya kadi ya picha. Kisha zima mashine na upulize vumbi lililojaa kwenye mapezi ya alumini, huku umeshika feni isizunguke. Ikiwa bado inavuma, hapo ndipo uwazie kipozeo kipya.

Kelele inatokana zaidi na kasi. Feni ikipunguzwa kasi kwa nusu, hewa inayosukumwa nayo hupungua kwa nusu, lakini sauti hushuka kwa takriban desibeli 15, na hizo ni nyingi sana kwa sikio. Kwa hiyo tafuta feni pana, ya milimita 120 au zaidi, iliyofungwa kwenye mapezi mengi yenye mirija ya shaba. Itazunguka taratibu na kazi itafanyika. Desibeli zinazoandikwa kwenye boksi usizilinganishe kati ya kampuni na kampuni, kwa kuwa kila moja hupima kwa namna yake.

Anayeishi Dar es Salaam au Mombasa ana jambo jingine la kuangalia. Kipozeo cha feni hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba. Kikipimwa kwenye chumba cha nyuzi 22, kisha wewe ukakitumia kwenye nyuzi 32, prosesa yako itakuwa na joto zaidi kwa nyuzi kama 10 kwa kazi ileile, au feni itabidi ikimbie zaidi. Ndiyo maana sishauri kununua kinachotosheleza tu. Kwa prosesa ya wati 65, chukua chenye uwezo mkubwa kuliko huo. Vya maji sivipendekezi kwa anayetafuta utulivu: pampu ina mlio wake, nayo huchakaa.

Pima nafasi kabla ya kulipa. Kati ya vipozeo vya kampuni ya Noctua, NH-U12S ina kimo cha milimita 158, na NH-D15 ina 165. Kasha linaloruhusu 150 halitafungika kwa yoyote kati ya hizo. Kwa kasha jembamba ipo NH-L9i ya milimita 37, lakini hiyo ni ya prosesa zisizotoa joto kali. Angalia pia kama feni haitagongana na RAM ndefu.

Soketi nayo ina masharti. Kwa Intel, matundu ya LGA1700, iliyotoka 2021, yameachana kwa milimita 78, ilhali ya LGA1200 ni 75, hivyo vishikizo vya zamani haviingii. Kwa AMD, vipozeo vingi vya AM4 vinakaa kwenye AM5. Kompyuta za ofisi zinazouzwa zikiwa zimeshatumika zinahitaji uangalifu zaidi: baadhi zina plagi na skrubu za pekee, na zisipoitambua feni hutoa onyo kila zinapowaka.

Wakati wa kufungua kipozeo cha AM4, washa mashine kidogo ili pesti ya joto iliyo kati yake na prosesa ilainike, izime na uchomoe waya wa umeme, kisha zungusha kipozeo kushoto na kulia kabla ya kukiinua. Ukikivuta kwa nguvu, prosesa inaweza kung'oka nacho na pini zikapinda. Futa pesti ya zamani kwa spiriti ya isopropili, weka mpya kiasi cha punje ya mbaazi, bandua karatasi ya plastiki chini ya kipozeo, na ukaze skrubu kwa kupishana.

Plagi ya feni yenye pini nne iende kwenye tundu lililoandikwa CPU_FAN kwenye ubao mama. Halafu ingia BIOS upange feni ibaki na kasi ndogo hadi prosesa ifike nyuzi 60 hivi, ndipo ipande polepole. Bila kupanga hivyo, hata kipozeo cha bei kubwa kinaweza kuvuma na kunyamaza kila unapobofya.