SOMO LA KIKUNDI: NENO USILOLIJUA USILIBONYEZE

Somo la leo ni juu ya watoto wetu wa shule ya msingi, maneno wanayoyajua, na simu iliyo nyumbani. Lisomeni pamoja mkutanoni, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakisikiliza.

Kwa nini somo hili?

M-Pesa ilianza Machi 2007. Siku hizi pesa ya ndengu, ya maembe na hata michango ya mwethya huingia kwa simu. Katika nyumba nyingi simu ni moja, na msomaji wa meseji ni mtoto. Susu akitumiwa pesa na mwanawe aliye Nairobi, humwita mjukuu: "Hebu nisomee hapa." Basi mtoto wa gredi ya nne amekuwa karani wa nyumba.

Lakini kusoma herufi si kuelewa. Mtoto anaweza kulitamka neno vizuri kabisa na asijue maana yake. Na kwa simu, kubonyeza "Kubali" ni sawa na kuweka kidole gumba kwenye karatasi.

Maneno matamu yenye deni ndani

Tuchukue maneno matatu ya Kiswahili yanayopatikana kwa simu.

Jahazi ni chombo cha baharini kiendacho kwa tanga. Mtoto wa Mutomo au Kibwezi labda hajakiona kamwe. Akisoma "Okoa Jahazi" anaweza kudhani ni zawadi. Kumbe ni kukopa muda wa maongezi, na unalipa pamoja na ada unapoweka krediti tena.

Shwari ni utulivu wa bahari isiyo na mawimbi. M-Shwari ni akiba, na pia ni mkopo. Ilipoanza Novemba 2012, mkopo wake ulikuwa na ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Aliyekopa shilingi 1,000 alirudisha 1,075.

Kufuliza ni kufanya jambo mfululizo bila kusimama. Huduma ya Fuliza ilianza 2019. Mtu hulipa au hutuma pesa hata kama salio halitoshi. Hilo ni deni lenye ada, na pesa ikiingia, deni hukatwa kwanza.

Hatusemi mikopo hii ni mibaya. Imewasaidia wengi siku ya ugonjwa au ya karo. Tunasema anayekopa ajue kwamba anakopa. Dawa ya deni ni kulipa, na mlipaji ni Susu, si mtoto aliyebonyeza.

Jinsi ya kumfundisha mtoto neno

1. Anzeni na Kikamba. Kamati ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Mtaala ulioanza nchini kote 2019 umeshika njia hiyo kwa gredi ya 1 hadi 3. Anayejua mũndũ na andũ yuko karibu na mtu na watu. Anayejua kyondo na syondo yuko karibu na kiondo na viondo. Lakini mwonyesheni pia tofauti: kwa Kikamba -nene ni kubwa, ila kwa Kiswahili mtu mnene ni aliyejaa mwili.

2. Tumieni kitu cha kushika. Kwa neno "ada," mpe mtoto mbegu 10 za mbaazi, na umwambie arudishe 11 kesho. Muulize ile moja imetoka wapi. Hapo ameelewa mkopo, deni na ada kwa siku moja.

3. Atunge sentensi yake mwenyewe. Akikariri ya mwalimu, bado hajalishika neno.

4. Rudieni kesho, tena baada ya wiki moja. Neno la kusikika mara moja hupotea. Daftari moja la maneno latosha nyumba nzima.

Sheria za simu nyumbani

• Mtoto akikuta neno asilolijua, aweke simu chini aulize. Asikemewe kwa kuuliza, maana akikemewa leo, kesho atabonyeza kimya kimya.

• Namba ya siri ibonyezwe na mwenye simu. Hata asiyejua kusoma anaweza kukariri tarakimu nne. Mtoto asiijue, wala wakala asiambiwe.

• Ikija meseji kwamba pesa imetumwa kwa makosa, msirudishe kwa haraka. Angalieni salio kwanza. Meseji ya ulaghai kwa laini ya Safaricom ipelekwe kwa 333.

• Mtoto asimpe mtu asiyemjua picha, jina la shule wala mahali anapokaa. Akitishwa au akidhulumiwa, namba ya kusaidia watoto ni 116, na kupiga ni bure.

• Sisi wakubwa tuwe mfano. Tukishika simu wakati wa chakula, watoto nao watashika.

Maswali ya kujadili

1. Katika nyumba yako, nani husoma meseji? Anaelewa kiasi gani?

2. Kwa Kikamba mnaitaje deni, riba na ada? Kama neno halipo, mtalielezaje kwa mtoto?

3. Je, kuna mwanakikundi aliyekatwa pesa bila kujua sababu? Tafuteni pamoja ni neno gani halikueleweka.

Kazi ya mwezi

Kila mmoja alete mkutanoni maneno matano kutoka kwa simu yake, ambayo yeye au mtoto wake hayajui. Katibu ayaandike, na mwalimu wa karibu aombwe kuyaeleza. Vikundi 20 vikifanya hivyo, kila kimoja kikiwa na wanachama 15, hayo ni maneno 1,500 yatakayokuwa yameulizwa kabla ya kubonyezwa.