Neno la Shahidi na Kazi ya Wakili wa Rufaa: Kutoka Nyamira hadi Kisumu

Makala haya yanamtazama wakili wa rufaa na wa kesi za kikatiba kama msomaji wa matini. Aghalabu umma humjua kwa ufasaha wa ulimi wake. Kwa hakika sehemu kubwa ya kazi yake hufanyika mezani, akisoma mwenendo wa kesi ulioandikwa na mtu mwingine.

Tuchukue, mathalani, mgogoro wa shamba la urithi Nyamira. Shahidi anasema kwa Ekegusii, karani wa mahakama anafasiri, hakimu anaandika. Kifungu cha 86 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai kinaruhusu Kiswahili katika mahakama za chini, lakini ushahidi wenyewe huandikwa kwa Kiingereza, lugha ya Mahakama Kuu na ya Mahakama ya Rufaa. Basi shahidi akimtaja baba yake mdogo, jaladani huingia neno ambalo Waingereza humwitia pia mjomba. Katika urithi tofauti hiyo ni kubwa: baba mdogo ni mtoto wa babu mwenye shamba, ilhali mjomba ni wa ukoo mwingine kabisa.

Tangu kesi ya Selle ya 1968, mahakama ya rufaa ya kwanza hulazimika kuupima ushahidi upya, ikikumbuka kwamba haikuwaona wala kuwasikia mashahidi. Rufaa ya pili, ile ifikayo Kisumu, huhusu hoja za sheria tu. Kwa hiyo kosa la tafsiri likipita ngazi zote mbili, ni vigumu mno kulirekebisha. Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 humpa mshtakiwa wa jinai mkalimani bila malipo. Ubora wa ukalimani huo ni suala ambalo idara zetu za Kiswahili zimelipuuza.

Si kila kesi huumia hivyo. Uchaguzi wa ubunge wa Mugirango Kusini wa Desemba 2007 ulibatilishwa na Mahakama Kuu ya Kisii. James Omingo Magara akakata rufaa dhidi ya Manson Nyamweya, akashindwa mwaka 2010. Humo zilibishaniwa fomu za matokeo na masanduku ya kura, vitu visivyohitaji mkalimani.

Shahidi wa Nyamira hana fomu. Wakili wake hana budi kumsikiliza karani neno kwa neno, asimame papo hapo kuipinga tafsiri, na kuomba pingamizi lake liandikwe.