Jinsi Vidonge vya Kuzuia Mimba Vifanyavyo Kazi

Wanawake wengi humeza kidonge kila siku ili wasishike mimba, lakini ni wachache walioelezwa kazi yake mwilini. Wengine huambiwa kwamba vidonge hurundikana tumboni na kuziba kizazi. Jambo hilo si kweli. Kidonge huyeyuka, na nguvu yake huisha baada ya siku chache; kwa sababu hiyo hasa humezwa kila siku.

Ndani yake mna vichocheo viwili, estrojeni na projestini, vinavyofanana na vile vya mwili wenyewe. Chini ya ubongo iko tezi ndogo kama punje ya njegere, ambayo kila mwezi hupeleka amri kwa njia ya damu ili yai lipevuke na kutoka. Vichocheo vya kidonge vikiwamo damuni, tezi hiyo hunyamaza, na yai halitoki. Tena ute wa mlango wa kizazi huwa mzito, hata mbegu za mume zikashindwa kupita.

Vidonge vya kwanza, vilivyoruhusiwa Marekani mwaka 1960, vilikuwa na estrojeni nyingi mara kadhaa kuliko vya leo.

Pakiti nyingi zina vidonge 28: 21 vyenye vichocheo, na 7 visivyo navyo, ambavyo mara nyingi huwa na madini ya chuma tu. Hatari kubwa ni kuchelewa kuanza pakiti mpya, maana tezi huanza kuamka. Aliyesahau kidonge 1 na akimeze mara akumbukapo, hata ikiwa atameza 2 siku moja. Aliyesahau 2 au zaidi ameze kimoja upesi, aendelee kama kawaida, na mumewe atumie kondomu mpaka zipite siku 7 za kumeza mfululizo. Vikimezwa bila kukosa, hupata mimba chini ya mwanamke 1 katika 100 kwa mwaka. Kwa wenye kusahausahau, kama ilivyo desturi ya binadamu, hufika 7 hivi.

Mwenye shinikizo la damu, aliyepata kugandwa na damu mishipani, mvuta sigara aliyetimiza miaka 35, na mama anyonyeshaye mtoto wa chini ya miezi 6, hao watafutiwe njia nyingine. Atumiaye rifampisini kwa kifua kikuu amwambie mganga, kwani dawa hiyo hudhoofisha kidonge. Wala kidonge hakizuii Ukimwi au kaswende.

Mwanamke akiacha kumeza, tezi huamka, na kwa wengi yai hutoka tena katika muda wa miezi michache.